Maswali na majibu: DAC, nyaya na sauti ya muziki nyumbani

Habari za kazi, mafundi. Runinga yangu mpya haina tundu la hedifoni, nikanunua kiboksi cha DAC, kile cha kugeuza sauti ya kidijitali iwe ya analogi, ili niiunganishe na amplifaya ya zamani. Taa inawaka lakini sauti hakuna. Nimeuziwa kibovu?

Huenda ni kizima kabisa. Viboksi vya bei ya chini vinaelewa PCM pekee, yaani sauti ya kidijitali isiyobanwa, na runinga yako pengine inatuma Dolby Digital, ambayo imebanwa. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, tafuta Digital Audio Out, chagua PCM. Bado kimya? Chomoa waya wa optiko, ule unaopitisha sauti kwa mwanga, utazame ncha zake. Waya mpya huja na vifuniko vidogo vya plastiki angavu ambavyo wengi hawavioni, wakauchomeka navyo. Runinga ikiwa imewashwa, ncha ya upande wa pili itoe mwanga mwekundu. Usipouona, tatizo liko kwenye waya au runinga, kiboksi hakina kosa. Waya huo usiukunje kwa kona kali nyuma ya kabati, maana hukatikia ndani.

Kwa runinga nyingi, sauti ya optiko hutoka kwa kiwango kimoja, kwa hiyo rimoti yake haitapandisha wala kushusha. Tumia volumu ya amplifaya. Umeme wa kiboksi, volti 5, utoe kwenye chaja nzuri ya simu ikiwa tundu la USB la runinga linaleta mikwaruzo.

Laptopu ikiwa kwenye chaji spika zinavuma, nikichomoa zinanyamaza. Ninunue DAC ya bei kubwa?

Usinunue kwanza. Mara nyingi mvumo huo hutokea pale laptopu na amplifaya zinapopata ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini) kwa njia mbili tofauti: mkondo mdogo wa umeme wa 50 Hz unapita kwenye waya wa sauti, na amplifaya inaukuza pamoja na muziki. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, tumia DAC yenye optiko kama laptopu ina tundu lake, kwa kuwa waya wa mwanga haupitishi umeme. Au weka katikati ya waya wa sauti kile kifaa kidogo chenye transfoma ndani cha kukata mvumo. DAC ya USB, hata ya bei mbaya, inaweza kuuleta mvumo uleule, kwani waya wa USB nao umeunganisha ethi.

Kukata pini ya ethi kwenye plagi, dawa inayopendekezwa sana mitaani, tunaikataza kabisa. Siku waya wa ndani ukigusa bati la amplifaya, anayeligusa ndiye atakayepigwa na umeme.

Adapta yangu ya USB-C ya hedifoni inafanya kazi kwenye simu ya mdogo wangu, kwangu haitoi sauti.

Ziko aina mbili zenye sura moja. Ya kwanza ni waya mtupu, inategemea simu itoe sauti ya analogi kupitia tundu la chaji, na simu nyingi hazitoi. Ya pili ina chipu ya DAC ndani. Nunua hiyo, na uijaribu kwa simu yako hapohapo dukani.

Nikiunganisha simu na amplifaya kwa waya, volumu ya simu niiweke wapi?

Juu kabisa au karibu na hapo, kisha upunguze kwenye amplifaya. Sauti ikipasuka, rudisha ekwalaiza ya simu kwenye sifuri.

Muziki wa biti 24 na 192 kHz unaizidi CD?

Kwa kusikiliza, hapana. CD, iliyoingia sokoni 1982, huchukua sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, zinazobeba masafa hadi karibu 22,000 Hz; sikio la kijana huishia karibu 20,000, na hushuka kadiri umri unavyokwenda. Biti zake 16 zina nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, ambayo sebule yenye feni haiwezi kuimaliza. Biti 24 zina maana studio, wakati wa kurekodi. Hela hiyo iongeze kwenye spika.

Ukitaka kulinganisha DAC mbili kwa haki, cheza mlio wa 1 kHz, pima volti za AC kwenye waya wa spika, kisha rekebisha volumu hadi tofauti isizidi asilimia 1. Bila hivyo, inayolia kwa nguvu kidogo ndiyo utakayoisifia.