Anatafuna bila chakula, siku nyingine anaanguka

SWALI: Daktari, mdogo wangu wa kiume ana miaka 19. Kuna siku anasema tumbo linampanda hadi kooni, anaingiwa na hofu, kisha anakodoa macho na kutafuna bila chakula. Mkono wa kulia unakakamaa, wa kushoto unachezea vifungo vya shati. Baada ya dakika moja hivi anatulia, ila kwa muda hawezi kutaja hata jina langu. Siku nyingine yanaanza hayohayo, halafu anaanguka na kutikisika mwili mzima. Nyumbani wanasema ni magonjwa mawili, na hilo la hofu ni pepo. Utotoni aliwahi kupata degedege lililochukua muda mrefu sana.
Dada mtu, Morogoro

JIBU: Dada, umeeleza vizuri kuliko barua nyingi za rufaa ninazoletewa. Hicho ni kifafa, kimoja tu, na wewe umeniandikia njia kinayopita.

Mara nyingi kifafa cha namna hii huanzia ndani ya panja, kwenye hipokampasi, sehemu inayojenga kumbukumbu. Seli zake hufyatua umeme kwa pamoja, na zile za kuzituliza huzidiwa. Mbele yake ipo amigdala, inayohusika na hofu. Umeme ukifika hapo mtu huogopa bila cha kuogopa. Huyo ndiye pepo wenu. Muda huo fahamu bado anazo, ndiyo maana baadaye anaweza kusimulia.

Anapoanza kutafuna, umeme umeenea na kuvuruga sehemu za chini katikati ya ubongo, zinazotuweka macho. Hapo maeneo makubwa ya juu, hata yale ambayo umeme wenyewe haujayafikia, huonyesha mawimbi ya polepole kama ya usingizi mzito. Wanafunzi wangu hushangaa kila ninapowaambia: macho wazi, mikono inafanya kazi, mwenyewe hayupo. Umeme ukivuka upande wa pili na kukamata sehemu zinazoendesha misuli, ndipo anaanguka. Siku usipovuka, unazimikia njiani.

Mkono unaokakamaa kwa kawaida huwa upande usio wa chanzo, na kuchelewa kusema huelekeza upande wenye lugha, ambao kwa wengi ni wa kushoto. Nashuku panja la kushoto. Degedege refu linaweza kuacha kovu kwenye hipokampasi, ingawa watoto wengi hupona bila alama.

Mrekodi kwa simu tangu mwanzo, mikono yote miwili ionekane, mumpeleke kwa daktari wa mishipa ya fahamu kwa EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, na MRI, picha ya ndani ya ubongo. Dawa kama kabamazepini huwatuliza wengi, asiache ghafla. Zikishindwa dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, ulizieni upasuaji. Katika utafiti wa Kanada wa 2001, mwaka mmoja baadaye asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakupata tena kifafa cha kupoteza fahamu. Kwa waliobaki na dawa ilikuwa asilimia 8.

Akianguka mlazeni ubavu. Kijiko mdomoni, hapana. Zikipita dakika 5 hajaacha kutikisika, mkimbizeni hospitali.