Kabla Hujaiamini Mashine Inayotafuta Nyufa

Wewe unayeanza kazi hii ya kutafuta nyufa za miamba chini ya ardhi kwa kompyuta, kabla hujawasha modeli yoyote, kaa na data yako siku mbili tatu uipitie kwa macho, kipande kwa kipande. Mimi sikufanya hivyo. Nilipewa mchemraba wa data ya mitetemo ya baharini, yaani picha ya pande tatu ya miamba iliyo chini ya bahari, iliyopatikana kwa mawimbi yaliyotumwa kutoka kwenye meli, nikailisha kompyuta, ikanichorea nyufa ndefu, zimenyooka, zimepangana kwa nafasi sawa. Nikafurahi. Bosi akazitazama kidogo, akaniuliza, "Kijana, mbona zinafuata njia ya meli?" Zilikuwa alama za upimaji wenyewe, wala hakuna mwamba uliokatika.

Mashine haijui ufa. Inajua mahali ambapo mawimbi yaliyo jirani yameacha kufanana, na hilo linaweza kuletwa na kelele, ukingo wa mto wa kale uliofukiwa, au chumvi iliyopenya matabaka. Vipimo vya mfanano vilivyoanza kuvuma mwaka 1995 vilikuwa na udhaifu huo, na mitandao ya nyuroni ya leo, yaani modeli zinazojifunza kwa mifano, haijaponyoka.

Halafu kuna kujidanganya kwa alama za ufaulu wa modeli. Nyufa zikiwa vokseli (vijichembe vya mchemraba wa data) 3 katika kila 100, modeli inayosema "hakuna ufa" kila mahali itapata usahihi wa asilimia 97! Na ukigawa vipande kwa kubahatisha, cha 200 kikaenda kwenye mafunzo na cha 201, jirani yake kinachokaribia kufanana naye, kwenye majaribio, umeipa mtihani ambao imeshauona. Tenga eneo zima ambalo modeli haijawahi kuligusa.

Lebo nazo, yaani nyufa zilizochorwa na watu ili modeli ijifunze kwazo, zina ubishi, kwa sababu wataalamu wawili hawauchori ufa mmoja sawasawa. Mwaka 2019 Xinming Wu na wenzake walilikwepa tatizo hilo kwa kufunza FaultSeg3D, mtandao wao wa nyuroni wa kutafuta nyufa, kwa jozi 200 za data ya kubuni, ambamo kila ufa unajulikana ulipo. Njia nzuri, ila kelele za kubuni si kelele zako.

Mwisho, piga hesabu. Kasi ya mawimbi ya mita 3,000 kwa sekunde na mitetemo 30 kwa sekunde hukupa wimbi lenye urefu wa mita 100, na robo yake, ambayo ndiyo takriban kikomo cha kutofautisha matabaka vizuri, ni mita 25. Ufa ulioshusha tabaka mita 8 huenda ukaonekana kama mpindo mdogo tu, au usionekane kabisa. Kwa hiyo mchimba kisima akikuuliza kama pale hakuna nyufa, mwambie ni nyufa za ukubwa gani ambazo data yako ingeweza kuzionyesha.