Akriliki au silikoni kwa paa la bati?

Mkuu, umeuliza kati ya rangi za paa za akriliki na silikoni ipi ipunguze joto la bati. Usiangalie weupe tu. Soma kwenye kopo inaakisi jua kiasi gani, na inatoa joto kurudi angani kiasi gani. Bati tupu linang'aa, lakini likishapata moto haliutoi upesi, ndiyo maana linaunguza mkono. Nyeupe nzuri ikiwa mpya huakisi takribani asilimia 80. Vumbi huipunguza, kwa hiyo paa lioshwe. Penye mteremko akriliki inatosha, tena nafuu. Maji yakituama, silikoni, ila ujue baadaye juu yake hushika silikoni tu. Kutu ikwangue kwanza, upige praima, rangi ya kwanza ya kushikisha. Rangi ya fedha? Mimi singeigusa, ni yale yale ya bati tupu.