Elfu tatu mkononi, shanga mezani: maswali yenu kuhusu kuuza kazi ya mikono

Niliwaomba mafundi wa Nairobi wanaoshona, wanaosuka na wanaochonga waniandikie linalowakwaza sokoni. Simu yangu ilijaa. Karibu kila ujumbe ulianza na sentensi moja: kazi ninayo, pesa za kuitangaza sina. Nimechagua machache. Mimi mwenyewe nashona mikoba ya kitenge na ngozi, kibanda changu kiko Ngara, kwa hivyo mengi ya hapa chini nimeyalipia karo.

*Dada, natunga shanga nyumbani: mikufu, bangili na herini. Nimeweka shilingi 3,000 za kujitangaza. Nichapishe vikaratasi nigawe stejini, au nilipie tangazo Facebook? (Mama Shanga, Kayole)*

Vikaratasi niulize mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilichapisha mia tano, nikasimama Kencom saa kumi na moja jioni, watu wanakimbilia magari. Viliisha kwa nusu saa nikafurahi kweli. Kuvuka barabara nirudi, nikavikuta mtaroni, na vingine vimeshafungiwa njugu. Walionipigia simu ni wawili. Mmoja alitaka kujua kama naajiri.

Tangazo la kulipia si baya, ila elfu tatu zitakwisha kabla hujajua linavyofanya kazi. Ukiwa na hamu nalo, tenga shilingi 500 tu. Tafuta kati ya posti zako ile ambayo watu wameulizia bei bila wewe kulipa chochote, hiyo ndiyo uilipie, ilenge Nairobi, uipe siku tatu. Posti iliyonyamaziwa bure itanyamaziwa hata ukiilipia.

Zilizobaki ningezipeleka kwenye kadi na muhuri. Fikiria mkufu wako mmoja unavyotembea mjini. Aliyeuvaa anaulizwa ofisini, anaulizwa kanisani, anaulizwa ndani ya matatu: "Huu ulinunua wapi?" Naye anajibu, "Aah, kuna mama fulani Kayole." Basi, umepoteza mteja ambaye alikuwa ameshashawishika kwa macho yake. Kwa hiyo kila kitu kinachotoka mkononi mwako kiwe na kadi ndogo ya manila iliyofungwa kwa uzi: jina la biashara, nambari ya WhatsApp, na nyuma yake maelezo ya utunzaji. Usioge nayo, usiinyunyizie manukato, itundike usiikunje. Hayo maelezo ndiyo yanayoiokoa kadi. Kadi ya jina peke yake hutupwa, lakini yenye kufundisha kitu huwekwa kwenye droo. Tia mbili kila mara, moja ya mnunuzi, nyingine ya yule atakayemuuliza.

Kwenye maduka ya uchapaji ya River Road, peleka ukurasa mmoja wa A4 uliojaa kadi kumi, wakuchapie, ukate mwenyewe nyumbani kwa rula na kisu. Ukiwa huko chongesha muhuri wa mpira. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hiyo karatasi utampa mteja vyovyote vile. Karatasi ya kaki iliyogongwa muhuri wako ni tangazo ambalo ulikuwa ulilipie hata hivyo.

*Nafuma vitambaa vya makochi. Nikiweka stetasi WhatsApp, watu hamsini wanaona, watano wanauliza bei, nikiwajibu wananyamaza. Ina maana niko juu? (Mfumaji, Umoja)*

Huenda. Lakini kwanza, kwa nini wanauliza bei? Kwa sababu hukuiandika. Haya mambo ya "bei inboksi" yananiudhi kuliko matope ya Aprili. Mteja wa Nairobi amejifunza kwamba bei iliyofichwa hupimwa kwa picha yake ya wasifu: ukipiga picha na gari, imepanda. Mama wa sukuma wiki hapo kwenu hafichi. Fungu la ishirini liko hapa na la hamsini liko pale, unaokota na kwenda zako. Andika bei kwenye picha yenyewe. Andika na ukubwa kwa sentimita, siku za kungoja, na mzigo unafika vipi. Atakayekuandikia baada ya hapo ameshakubali nusu.

Halafu piga hesabu yako kwa uaminifu. Tuseme seti ya viti vitano inakula uzi wa shilingi 1,800 na siku nne za mikono yako, nawe unaiuza 3,000. Umejilipa 300 kwa siku. Hakuna kibarua wa mjengo atakayeamka kwa hiyo. Kwa hivyo mtu akinyamaza, usikimbilie kushusha. Mpe kitu kidogo: kitambaa cha meza ya kahawa, au cha kiti kimoja cha kujaribia. Wateja wangu wengi wa mikoba mikubwa walianza na kipochi cha sarafu.

Na hao hamsini ni akina nani? Nadhani ni binamu, majirani na watu wa shule ya zamani. Pakua WhatsApp Business, ni ya bure. Ina katalogi ya kupanga bidhaa na bei zake, na ina lebo za kutenganisha aliyelipa, anayengoja na aliyeulizia tu. Kisha tengeneza orodha ya matangazo. Orodha moja hubeba watu 256, kila mmoja anaupata ujumbe kama ameandikiwa peke yake. Shida ni kwamba haumfikii mtu asiyehifadhi nambari yako. Ndiyo maana dakika ya thamani kuliko zote ni ile mteja anapopokea mzigo akiwa na furaha. Hapo hapo mwambie, "Hifadhi nambari yangu, nitakutumia picha za rangi mpya mara moja kwa mwezi." Halafu iwe mara moja kwa mwezi kweli. Ukianza kumtumia maua ya "asubuhi njema" na maombi ya kusambaza kwa watu kumi, atakufuta, na mimi nitamuunga mkono.

(Na kama pesa ya uzi na pesa ya unga zinaingia kwenye M-Pesa moja, fungua Pochi la Biashara, akaunti ya Safaricom ya kutenga pesa za biashara, kwenye laini hiyo hiyo. Nilikaa miaka nikidhani napata faida kumbe nakula uzi.)

*Mama yangu yuko Machakos, husuka viondo vya mkonge. Mimi ndiye namuuzia huku. Picha zangu hazivutii kabisa, zinatoka na rangi ya njano. Ninunue kamera? (Mtoto wa Msusi, Zimmerman)*

Usinunue kitu. Zima taa. Hiyo njano ni balbu ya sebuleni. Futa kioo cha kamera ya simu kwa fulana ya pamba, sogeza meza dirishani, tandika karatasi ya kaki au kanga isiyo na mambo mengi, upige kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi. Jua letu la adhuhuri liko utosini na huchoma rangi zote. Watu hulalamikia Julai ya Nairobi, mawingu na baridi mwezi mzima, lakini kwa picha hakuna mwezi unaoushinda, mwanga unakuwa laini kama umechujwa. Mimi hupiga picha za nusu mwaka wiki hizo.

Kiondo ukikiweka peke yake, mtu hajui ni cha kubebea laptopu au nyanya. Kitundike begani mwa mtu. Tia ndani sukuma wiki na mkate, picha ya pili tia kitabu na chupa ya maji.

Ila ndugu yangu, wewe una mali ambayo sisi wengine hatuna, na hukuitaja isipokuwa kwa kupita. Ukienda nyumbani, muombe mama akuruhusu umchukue video ya sekunde ishirini, mikono yake tu kama hapendi sura ionekane, akianza kitako cha kiondo, pale katikati nyuzi zinapokutana. Watu wengi wa mjini hawajui kwamba kiondo huanzia chini. Usiweke muziki, acha kuku walie nyuma. Mpe mama sehemu yake ya pesa kabla ya kuiweka hewani, uandike kwenye kadi ni siku ngapi alikisuka. Kwa bei ya chini mikoba ya kiwandani itakushinda siku zote. Mkono wa mama yako haina.

*Kuna dada ana wafuasi elfu arobaini, anataka nimpe jozi mbili za viatu vya ngozi bure "anitangaze." Nimpe? (Fundi, Kariokor)*

Soma maoni chini ya picha zake. Yakiwa emoji za moto na mioyo tu, mpe pole. Yakiwa "hii ni pesa ngapi", "wapi huko", wafuasi wake ni wanunuzi, na jozi moja inatosha. Kubalianeni kwa maandishi: ataweka posti lini, atakaa nayo muda gani bila kuifuta, atataja bei na mahali.

Lakini kusema kweli, ningechukua jozi hiyo nikampa mhudumu wa benki au muuguzi anayesimama kutwa nzima mbele ya watu. Wewe uko Kariokor, soko ambalo jina lake limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu wanakuja hapo tayari wakitafuta ngozi. Kinachokupotezea wateja ni kwamba mabanda yanafanana na mtu akirudi hakuoni. Jiweke bure kwenye ramani ya Google, na picha ya mlango wako, na saa unazofungua, kisha kila aliyeridhika umuombe aandike neno moja hapo.

*Nikachukue nafasi Maasai Market? (Wa Herini, Kawangware)*

Nenda kwanza kama mnunuzi, siku mbili tofauti. Soko hilo huhamahama kwa siku: kwa miaka mingi Ijumaa limekuwa Village Market na Jumamosi katikati ya jiji karibu na Mahakama Kuu, na wateja wa mahali pamoja si wa pengine. Angalia mabroka wanavyomzungusha mgeni na mfuko. Chao hutoka kwenye bei yako. Uliza wauzaji ada ya siku, ongeza nauli na chakula, gawanya kwa faida ya herini jozi moja. Jibu likiwa jozi kumi na tano kabla ya kupata senti, ujue unaingia na nini. Mwanzoni tafuta mwenzako wa kugawana meza, ambaye hauzi unachouza.

*Nilimpiga mteja picha akiwa na gauni nililomshonea, nikaiweka Instagram. Amekasirika, anataja sheria. Ananitisha? (Fundi Cherehani, Githurai)*

Hakutishi, ana haki. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na picha ya sura ya mtu ni data yake. Kuitumia kujitangaza bila ridhaa ni kosa ambalo wafanyabiashara wametozwa pesa kwalo. Itoe leo, muombe radhi bila maelezo marefu. Tangu sasa uliza kwa ujumbe ili jibu libaki limeandikwa: "Naomba kutumia picha hii, sura ionekane au niikate?" Wengi watakubali ikatwe shingoni, na gauni litaonekana vizuri zaidi.

*Jirani ananakili kila muundo nikiuweka mtandaoni. Niache kuweka? (Mchongaji, Dagoretti)*

Ukiacha, wateja nao hawataona. Taasisi ya Mali ya Viwanda, KIPI, husajili miundo kwa miaka mitano, na unaweza kuongeza mara mbili hadi kumi na mitano. Nembo husajiliwa kwa miaka kumi kumi. Kwa bajeti yako ningeanza na nembo siku ikifika, si kila sanamu. Kwa sasa weka kazi hewani ikiwa imeshauzwa au nakala tano ziko tayari, na chonga alama yako chini ya kila kitu, ionekane pichani. Mteja akimpelekea jirani picha yako, alama ataiona.

*Dada, Januari hainunui mtu. Nifunge? (Mama Mishumaa, Lang'ata)*

Njaanuari hiyo, karo imebeba kila kitu. Usifunge, badilisha kazi. Wapigie walionunua Desemba, usiwauzie chochote, waulize tu kama mshumaa uliwaka mpaka mwisho au ulizama katikati. Wakikuambia ulizama, utambi wako ni mwembamba, na umeambiwa bure. Chombo kikibaki kizima, waambie wakirudishe ukijaze kwa bei pungufu. Vikirudi vitatu, hiyo ni kazi ya Februari, na Februari kuna Valentino.