Divisheni ya 18 ya Uingereza: askari wa akiba waliopita Mombasa wakaishia mateka Singapore

Mkuu uliyeanzisha uzi huu, umeuliza kama askari wa akiba wa Uingereza kwenye Vita Kuu ya Pili walipigana kweli, au walibaki kwao wakilinda madaraja. Waliotangulia kukujibu wamesema walibaki kwao. Kwa baadhi ni kweli. Kuanzia mwisho wa 1942, divisheni za 48, 76 na 77, kisha ya 80, zilifanywa za kufundishia: kijana akimaliza mafunzo ya awali anapelekwa huko kama majuma matano hivi, halafu anagawiwa kikosi cha mapigano. Lakini ukiwaweka askari wote wa akiba kwenye kapu hilo unawafuta watu wa Divisheni ya 18, na kwa hilo siwezi kupita kimya.

Mimi ni mtu wa Mombasa, ila nimefanya kazi ya kuhudumia wazee huku Norfolk, mashariki mwa Uingereza, kwa miaka mingi. Bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia aliposikia nilikotoka aliniambia baba yake alikuwa Mombasa Krismasi ya 1941, akiwa askari, njiani kwenda Singapore. Baba huyo alikuwa akiwasimulia wanawe juu ya minazi na Krismasi ya jua kali. Juu ya yaliyofuata hakuwasimulia kitu. Ndipo nilipoanza kusoma, nikauliza, nikazunguka makanisa ya vijijini kusoma majina kutani, na hadi leo sijaacha.

Chanzo chake ni Machi 1939. Hitler alipomeza kilichobaki cha Chekoslovakia, serikali ya London ilitangaza kwamba Territorial Army, jeshi la akiba la watu wa kujitolea, liongezwe mara mbili. Kila kikosi kilitakiwa kuzaa pacha wake. Divisheni ya 54 ya Anglia ya Mashariki ikazaa ya 18, iliyoanza kujitegemea mwishoni mwa Septemba, vita ikiwa haijamaliza mwezi. Watu wake wengi walitoka Norfolk, Suffolk, Cambridgeshire, Bedfordshire na Hertfordshire. Walikuwa makarani, vibarua wa mashamba na wauza duka, waliopiga kwata jioni baada ya kazi. Vikosi viliandikishwa mtaa kwa mtaa, kwa hiyo ndugu, majirani na wafanyakazi wenza waliingia kombania moja. Ndiyo maana kuta za makanisa huku zina majina ya ukoo yaleyale yakijirudia. Alama waliyovaa begani ilikuwa mapanga ya kinu cha upepo, vile vinu vilivyojaa mashambani kwao.

Baada ya Ufaransa kuanguka mwaka 1940 walilinda pwani yao wenyewe wakingoja Wajerumani waje. Mjerumani hakuja. Mkuu wao tangu Julai mwaka huo alikuwa Meja Jenerali Merton Beckwith-Smith, na chini yake brigedi tatu: ya 53, ya 54 na ya 55.

Oktoba 1941 wakapakiwa melini. Safari yenyewe ni ya kushangaza. Meli za Kiingereza ziliwavusha Atlantiki hadi Halifax, Kanada, na huko wakahamishiwa kwenye meli za jeshi la wanamaji la Marekani, nchi ambayo haikuwa vitani bado. Roosevelt alikubali kumsaidia Churchill kimyakimya. Msafara uliondoka Halifax tarehe 10 Novemba, ukapitia Trinidad, ukashuka kuelekea Cape Town. Walitarajiwa kupigana Mashariki ya Kati, na mafunzo na vifaa vyao viliandaliwa kwa nchi kavu ya wazi. Wakiwa katikati ya bahari, tarehe 7 Desemba, Wajapani wakapiga Pearl Harbor, na wakati huohuo wakatua Malaya, koloni la Uingereza lililo kaskazini mwa Singapore. Mpango wote ukageuka.

Msafara mkuu ulielekea Bombay. Meli moja, Mount Vernon, ilitengwa na wenzake ikiwa na watu wa Brigedi ya 53, ikaingia Mombasa siku ya Krismasi na kuondoka tarehe 29. Wengi wetu tuliokulia karibu na Kilindini hatukuwahi kuambiwa habari hii, na nadhani ingefaa ifundishwe. Meli hiyo ilifika Singapore tarehe 13 Januari 1942 katikati ya mvua kubwa, na mvua hiyo ndiyo iliyowaficha na ndege za Wajapani.

Sasa fikiria hali ya hawa watu. Miezi karibu mitatu baharini, miguu imelegea, msitu hawajauona maishani mwao, magari na mizinga yao mingi iko kwenye meli nyingine. Hawakupewa nafasi ya kupumua. Ndani ya siku chache walikuwa Johor, upande wa bara, wakitakiwa kuzuia Walinzi wa Kifalme wa Japani waliokuwa wakishuka pwani ya magharibi. Batalioni ya 6 ya Royal Norfolk iliwekwa kwenye kilima cha Bukit Pelandok, ikang'olewa. Kikundi chake kingine kililinda daraja la Parit Sulong; kilikaa bila chakula wala mawasiliano na makao makuu, mwisho kikaondoka. Waustralia na Wahindi waliokuwa wakirudi nyuma walifika wakakuta daraja liko mkononi mwa adui, na majeruhi waliowaacha hapo waliuawa na Wajapani. Nalitaja hili kwa sababu wanaoitetea divisheni hii mara nyingi huliruka, na haifai lirukwe.

Ila pia kuna Batu Pahat. Batalioni ya 2 ya Cambridgeshire, wanajeshi wa jioni wale wale, iliushikilia mji huo kwa siku kadhaa huku ikizungukwa, na ilikuwa tayari kuendelea. Amri ya kurudi ilipotolewa, barabara ya nyuma yao ilikuwa imekwisha fungwa. Pale Senggarang brigedi ilishindwa kupenya kwa magari, ikabidi waharibu mizinga na kutawanyika vinamasini. Zaidi ya 2,000 waliokolewa baadaye na meli ndogo za kivita zilizowachukua pwani usiku. Majeruhi hawakuweza kutembea, na padri wao, Noel Duckworth, alikataa kuwaacha. Huyu alikuwa mtu mfupi, nahodha wa mtumbwi wa mashindano, aliyewaongoza wapiga makasia wa Uingereza kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Wajapani walipofika alisimama mbele yao akabishana nao, akapigwa, na wale majeruhi hawakuuawa. Aliyesoma habari za Parit Sulong anajua majeruhi hao waliponea nini.

Wakati hayo yakiendelea, sehemu kubwa ya divisheni ilikuwa bado India. Hapa ndipo kwangu penye uzito wote. Kufikia tarehe 21 Januari Churchill mwenyewe alishaanza kujiuliza kama Singapore inaokoleka, au ni afadhali nguvu ile ipelekwe Burma. Tarehe 23 serikali ya Australia, ambayo askari wake walikuwa Malaya, ikamwandikia kwamba kuihama Singapore itahesabiwa kuwa usaliti usiosameheka. Mjadala ukaishia hapo. Meli zikaendelea. Tarehe 29 Januari brigedi za 54 na 55 zikashuka bandarini, siku mbili tu kabla ya jeshi lililokuwa bara kuvuka kuingia kisiwani na kulipua barabara ya tuta iliyounganisha kisiwa na bara. Naelewa kwa nini Waaustralia walisema vile, na naelewa Churchill alikuwa na washirika wa kutunza. Bado nasema ulikuwa uamuzi mbaya: watu walishushwa kwenye kisiwa ambacho waliowatuma hawakuamini tena kwamba kitasimama. Tarehe 5 Februari meli ya mwisho ya kundi lao, Empress of Asia, ilipigwa mabomu na kuteketea karibu kabisa na bandari. Watu wengi waliokolewa, silaha zikazama.

Jenerali Percival, mkuu wa majeshi ya Uingereza huko, aliiweka divisheni kaskazini mashariki ya kisiwa. Wajapani wakavuka usiku wa tarehe 8 upande wa kaskazini magharibi, wakawakuta Waustralia. Kuanzia hapo Divisheni ya 18 haikupigana kama divisheni. Ilimegwa: batalioni hii ikavutwa huku, nyingine kule, zikaunganishwa na watu wasiowajua chini ya makamanda wapya na kuambiwa zirudishe Bukit Timah, kwenye maghala ya chakula na mafuta. Hazikuweza. Tarehe 10 Churchill alituma telegramu akisema divisheni hii ina nafasi ya kuandika jina lake katika historia, na kwamba makamanda wafe pamoja na askari wao. Batalioni ya 1 ya Cambridgeshire ilikuwa bado inashikilia nafasi yake Adam Road wakati Percival aliposalimu amri kwenye kiwanda cha Ford, tarehe 15 Februari 1942. Kwa hiyo brigedi mbili kati ya tatu zilipata siku 17 tu tangu kushuka melini hadi kuwa mateka.

Miaka mitatu na nusu iliyofuata ndiyo iliyowaua wengi. Walianzia kambi ya Changi, hapohapo Singapore, kisha wakapelekwa kujenga reli ya kilomita 415 kati ya Thailand na Burma. Mateka wapatao 60,000 wa mataifa mbalimbali walifanya kazi hapo na zaidi ya 12,000 walikufa kwa njaa, kipindupindu, malaria na vipigo. Vibarua wa Kiasia waliokufa ni wengi kuliko hao mara kadhaa, na wao hawana makaburi yenye majina. Luteni Kanali Philip Toosey, aliyesimamia mateka waliojenga madaraja ya reli hiyo huko Tamarkan, alikuwa mkuu wa kikosi cha mizinga cha divisheni hii. Mchoraji Ronald Searle alikuwa askari wa kikosi cha wahandisi cha divisheni hiyohiyo, na alichora kwa siri yale aliyoyaona. Beckwith-Smith alipelekwa Taiwan, akafa kwa dondakoo Novemba 1942.

Bibi yule alinionyesha kadi ambayo mama yake aliipokea baada ya kungoja zaidi ya mwaka bila kujua kama mumewe yu hai. Ni kipande cha karatasi ngumu kilichochapwa tayari na jeshi la Japani. Sentensi ziko tayari, mateka anachagua: afya yangu ni nzuri sana, au niko hospitalini, nafanya kazi kwa ujira, au sifanyi kazi. Baba yake alichagua afya nzuri na kazi ya ujira. Chini jina lake kwa penseli, herufi zimeinama upande mmoja. Alirudi mwisho wa 1945.

Divisheni ya 18 haikuundwa tena. Mji wa Wymondham, hapa Norfolk, una kanisa katoliki ambalo padri wake, aliyekuwa mateka pia, alilijenga kuwakumbuka waliokufa huko, na majina yao yameandikwa katika vitabu vilivyomo ndani. Kama una jina la mtu unayemtafuta, tovuti ya Commonwealth War Graves Commission ni ya bure: andika jina na jeshi lake, angalia kama yuko Kranji, Singapore, au Kanchanaburi, Thailand. Tovuti hiyohiyo ina askari wa King's African Rifles waliokufa Burma, kwa hiyo anayemtafuta babu yake wa KAR naye aanzie hapo.