Nisubiri au nichukue hatua?

SWALI: Shangazi, niliomba kupandishwa cheo, mwaka wa pili huu naambiwa nisubiri. Si wanasema subira yavuta heri? Niendelee kungoja?

JIBU: Mwanangu, wahenga haohao walisema ajizi nyumba ya njaa. Mimi nilingoja miaka 4, kimya, nikifika kazini kabla ya mfagizi. Siku nilipojikaza kumuuliza bosi, alifungua droo, akapekua mafaili weee, kisha akaniuliza, "Kwani ulikuwa unakitaka?" Nilitamani ardhi ipasuke. Wewe angalau umepanda mbegu, ila hujarudi kupalilia. Omba kikao, nenda na orodha ya kazi ulizokamilisha, udai tarehe ya jibu, tena kwa maandishi. Wakati huohuo tuma maombi kwingine. (Bosi asijue, tafadhali.)