FUNDI ANAJIBU: Skuta inalia lakini mlima haipandi

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nachukua dagaa Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, alfajiri nasambaza kwa wateja wa Bugando na Igoma, natumia skuta ya Kichina ya otomatiki, cc 150. Mwezi mzima sasa nikivuta mafuta injini inalia mpaka watu wanageuka kuangalia ila skuta yenyewe inajivuta tu, na wakati wa kuondoka inatetemeka kama ina homa. Kile kilima cha kwenda hospitali nikipanda na mzigo inatoa harufu ya kitu kinaungua. Fundi mmoja aliisikiliza tu akaniambia klachi imekufa yote ninunue seti nzima. Nataka kufungua mwenyewe nyumbani, spana za kawaida ninazo. Nahitaji vifaa gani? (Mama Dagaa, Kirumba)

JIBU: Marahaba mama, pole na mizigo. Kwanza hela ya seti nzima irudishe kwenye pochi, mana mtu kusikiliza mlio tu akasema klachi imekufa hajakagua kitu, dalili hizo ulizotaja zinaweza kuwa za klachi, zinaweza kuwa za mkanda, na mara nyingi ni vyote viwili kidogo kidogo.

Elewa kwanza kilichomo ndani. Skuta ya otomatiki haina waya wa klachi. Upande wa kushoto ukifungua lile kava refu utakuta mbele kuna puli moja ambayo ndani yake ina rola sita, wenyewe tunaita variata, katikati mkanda mpana wa mpira, alafu nyuma kuna puli nyingine imebeba klachi. Klachi yenyewe ni shuu tatu kama za breki, zimeshikwa na visipringi vidogo, injini ikiwa sailensi (inaunguruma bila wewe kuvuta mafuta) shuu zimejikunja ndani na skuta imetulia, ukivuta mafuta zinarushwa nje na mzunguko zinang'ang'ania bakuli la chuma lililozifunika, na hilo bakuli ndo linazungusha tairi. Kwa hiyo kama shuu zimekwisha au zimeng'aa kama kioo zinateleza kwenye bakuli, hapo ndo unapata kelele bila mwendo na ile harufu. Na mkanda ukipungua upana nao unateleza hivo hivo, wewe uliyekaa juu ya kiti huwezi kutofautisha. Ule mtetemo wa kuondoka ndo unaonifanya niishuku zaidi klachi, shuu zilizoungua huwa zinashika na kuachia, zinashika na kuachia.

Sasa vifaa. Soketi namba 8 na mkono wake, hiyo ni ya bolti za kava. Soketi 17 na 19, mana nati ya mbele na ya nyuma kwenye hizi injini za aina ya GY6 (ndizo ziko kwenye skuta nyingi sana za Kichina za 125 na 150, asili yake ni ya Honda) inaweza kuwa moja kati ya hizo. Nyundo ya mpira ya kugongea kava likigoma. Msasa, kitambaa, vernia ya kupimia. Na kama utafika mpaka kwenye shuu zenyewe utahitaji soketi kubwa ya 39, hiyo wengi hawana. Spana malaya iache ndani, itakula kona za nati alafu utalia.

Lakini kifaa kikubwa kuliko vyote ni cha KUSHIKIA. Hapa ndo watu wanaharibu. Nati ile ukiigeuza puli nzima inageuka na wewe, sa mtu anachukua bisibisi anaichomeka kwenye yale mapezi ya puli ya mbele ili izuie, anavuta, paa, mapezi mawili yamevunjika. Yale mapezi ni feni, ndo yanapitisha upepo wa kupooza mkanda, na puli ikivunjika upande mmoja inaanza kutikisika. Nimepokea skuta iliyofunguliwa hivo kwenye gereji moja hapa mjini, mapezi manne hayapo, na mwenye nayo alikuwa ameambiwa imetoka kiwandani hivo!

Kishikio unatengeneza mwenyewe. Nenda kwa mchomeleaji yeyote na kipande cha bapa la chuma nene, urefu kama mkono wako kuanzia kiwiko, mwambie atoboe matundu mawili na aweke bolti mbili nene. Bakuli la klachi kwa nje lina matundu, bolti zako ziingie humo, mkono mmoja unashika bapa mwingine unafungua nati. Kama bakuli lako halina matundu, chukua mkanda wa zamani wa skuta, uzungushe kwenye bakuli ukaze kwa ubao, unashika vizuri tu. Kwa puli ya mbele bapa lingine lenye ncha inayoingia kwenye meno ya pembeni na upande wa pili liegemee bolti iliyofungwa kwenye tundu la kava, sio liegemee ukingo wa injini wenyewe maana ni aluminiamu, utaumega. Au kama hutaki hayo yote sukuma skuta mpaka kwa mtu wa pancha mwenye ile mashine ya upepo ya kufungulia nati za magari, atazilegeza zote mbili kabla hujakunywa chai. Kufungulia ruksa. Kukazia na ile mashine hapana, inaua uzi.

Kabla hujatoa bolti za kava, chukua boksi la karatasi, chora umbo la kava, na kila bolti ukiitoa ichomeke kwenye boksi mahali pake. Zina urefu tofauti. Amini usiamini hiki ndo kifaa kinachookoa hela nyingi kuliko vyote na ni cha bure.

Ukishafungua usipulize lile vumbi jeusi kwa mdomo, wala usimwambie mtoto akupulizie kwa kompresa. Ni vumbi la shuu na mpira, na shuu za zamani nyingine zilitengenezwa na asbesto ambayo sio kitu cha kuvuta kwenye mapafu. Lowanisha kitambaa, futa.

Anza na mkanda. Mgongoni umeandikwa namba, kwa mfano 743-20-30 au 842-20-30 kwenye hizo 150. Namba ya kwanza ni urefu kwa milimita, ya pili upana, ya tatu ni nyuzi za ule mteremko wa pembeni. Kwa hiyo mkanda wako ulizaliwa na upana wa milimita 20, pima na vernia, ukikuta 18 na kitu huo umeshaisha, na ukiukunja ukaona nyufa kwenye meno badilisha bila kujiuliza. Dukani usiombe "mkanda wa skuta", nenda na namba.

Alafu toa bakuli uangalie ndani. Likiwa na rangi ya bluu bluu ujue limepata moto sana. Kwenye injini hizi kipenyo cha ndani ni milimita 125, likila mpaka 125.5 ni la kubadilisha. Shuu nazo angalia unene wa ile nyama yake, ikikaribia milimita 2 zimekwisha. Ila kama nyama ipo na juu inang'aa tu kama kiatu kilichopigwa rangi, hiyo sio kufa, hiyo ni kuungua uso. Piga msasa taratibu mpaka ing'oke ile ng'aro, na ndani ya bakuli piga pia, mistari ikatize, futa na kitambaa chenye petroli kidogo (nje, mbali na jiko la mkaa, na injini iwe ya baridi), acha ikauke. Wateja wangu wengi tatizo limeishia hapo, kwa bei ya msasa. Ukikuta shuu zimelowa oili msasa haukusaidii, kuna sili inavuja nyuma ya puli, tengeneza hiyo kwanza.

Ikibidi kubadilisha shuu ndo unakutana na ile nati ya 39. Hapo naomba usikilize vizuri mama. Nyuma ya klachi kuna springi kubwa nene imebanwa, na hiyo nati ndo imeizuia. Ukiilegeza ukiwa umeiweka mapajani itakurukia usoni. Ilegeze uzi mmoja tu ikiwa bado imefungwa kwenye skuta, alafu itoe klachi uiweke chini kwenye gunia, mtu mmoja aikandamize kwa uzito wa mwili, wa pili amalizie nati kwa vidole, kisha mnaachia pole pole pamoja. Kama mtu wa pili hayupo, subiri arudi.

Kurudishia ndo kwenye mtego ambao hata mimi ulinikamata miaka ile naanza. Ukirudisha mkanda, puli ya nyuma inataka kuubana juu, kwa hiyo mkanda unakuwa mfupi mbele. Ukikaza nati ya mbele hivo hivo unadhani imekaza vizuri kumbe umekaza mpira, puli haijakaa kwenye chuma. Nilifika Buzuruga tu nati ikalegea, meno ya shafti yakaliwa yote, nikarudi nasukuma. Dawa yake: bana mkanda kwa mikono miwili kule nyuma, uipanue puli mpaka mkanda uzame chini kabisa, funga na kamba hata ya kiatu ubaki umezama, hapo mbele unapata mkanda umelegea, weka puli, hakikisha unaizungusha na haibani mkanda, ndo ukaze nati. Spana ya kupimia nguvu ukipata ya kuazima, nati hizi mara nyingi zinataka kama Nm 55, ila kitabu cha skuta yako kikisema vingine fuata kitabu. Mshale kwenye mkanda uelekee mzunguko wa mbele. Na grisi usipake popote mkanda unapopita.

Moja zaidi mana umetaja kile kilima. Ukisimama mlimani usiishikilie skuta kwa mafuta, shika breki. Nawaona sana pale foleni ikisimama, mtu kaitundika skuta kwa resi dakika nzima na ndoo mbili za dagaa nyuma, shuu zinasuguana na bakuli muda wote huo, halafu anasema spea za siku hizi feki.

SWALI: Kaka habari, mi nina Vespa PX ya marehemu mzee, ya gia za mkononi. Nikibana klachi na kuweka gia ya kwanza inataka kuondoka yenyewe. Hivyo vishikio vya skuta vitanifaa? (Pasiansi)

JIBU: Pole kwa mzee, na hongera kwa kuitunza. Hapana, klachi yako ni ukoo mwingine kabisa, imekaa ndani ya oili na ina pleti zenye koki. Kabla ya kufungua chochote cheza na waya, mana mara nyingi umevutika tu. Ncha ya lever icheze kama milimita 2 hivi kabla waya haujakaza, ikicheza zaidi ya hapo klachi haiachii yote, ndo hiyo inayokuondokea. Kikaze kile kirekebishio chini karibu na tairi la nyuma, tone moja la oili kwenye waya, jaribu tena. Kingine angalia oili: ni SAE 30, mililita 250 tu, sio ile ya gari ya kisasa yenye dawa za kutelezesha.

Ikigoma ndo unatoa tairi la nyuma na kile kifuniko cha klachi, injini haifunguliwi. Ndani kuna nati ya meno kama taji, inataka soketi yake maalum. Watu wanaigonga kwa patasi, na wewe utatamani, usifanye. Azima soketi au mpe fundi kazi hiyo moja tu. Pleti mpya zilaze kwenye oili usiku mzima kabla ya kufunga. Na ukichomoa klachi angalia chini, kuna kichuma kidogo kama nusu mwezi kinadondoka bila kelele, bila hicho klachi itazunguka peke yake kama feni.

SWALI: Fundi mvua za juzi mto Mirongo ulivyojaa nilipita kwenye maji, skuta ikaanza kuteleza, leo iko sawa. Nifungue? (Mabatini)

JIBU: Maji yaliingia kwenye kava mkanda ukalowa, umekauka ndo mana iko sawa. Fungua hata hivyo, utakuta tope, futa. Angalia na lile bomba la kuingizia hewa kwenye kava kama halijapasuka.

SWALI: Nimefunga kila kitu, skuta inatembea vizuri, lakini bolti moja ya kava imebaki mkononi. Ina shida? (Nyakato)

JIBU: Ina shida. Na zaidi ya hiyo moja, kuna uwezekano bolti fupi umeiweka kwenye tundu refu na ndefu umeilazimisha kwenye fupi. Zima skuta, tafuta boksi, uanze kuchora.